Gari Dogo Lionekane Gari Kweli: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Sura ya Plastiki kwenye Magari ya Mandhari ya Reli za Mfano

Wasomaji wanaotengeneza mandhari ya reli za mfano wamekuwa wakinitumia picha zinazofanana. Stesheni imejengwa kwa ustadi, kokoto za njia ya reli zinaonekana kama zimelowa mafuta ya injini, kisha mbele ya jengo limeegeshwa gari linalong'aa kama pipi. Mwenyewe huwa amekwisha kujaribu kulichafua: alilimiminia rangi ya kahawia, ikatuama kwenye pembe na kukauka kama chai iliyomwagika, na sasa ana kichezeo kichafu mahali palipokuwa na kichezeo kisafi.

Tatizo ni mpangilio wa kazi. Kabla jicho halijafika kwenye vumbi, limekwisha kuitambua plastiki kwa ukubwa usiolingana na jengo, magurudumu yanayoelea, mng'ao wa mwili mzima na vioo vinavyoonyesha kwamba ndani hamna mtu. Hayo yakibaki, uchafu wa aina yoyote hauwezi kuyaficha. Kwa hiyo uchafu tutauacha karibu na mwisho, na kila doa tutakaloliweka litakuwa na mahali lilikotoka.

Gari la mfano katika mwongozo huu ni Landrova ya chasisi ndefu, ile ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), katika kipimo cha 1:87, yaani gari halisi ni kubwa mara 87, iliyoegeshwa nje ya stesheni ya Voi, Kenya, katika miaka ya 1970. Hatua ni zilezile kwa Volkswagen ya Hamburg au lori la Chicago. Kitakachobadilika ni udongo na upande wa usukani.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Gari la plastiki la kipimo sahihi. Herpa, Wiking, Busch na Brekina ni watengenezaji wanaojulikana kwa magari ya 1:87.
- Rula ya milimita, au kalipa ikiwa unayo.
- Msasa laini wa namba 400 na 1000, kisu chenye ncha kali, kibano na vijiti vya meno.
- Brashi ndogo mbili (namba 00 na 1), brashi moja kuukuu yenye nywele laini, na pamba za masikio.
- Rangi za akriliki: kijivu cheusi, kahawia iliyokolea, nyeupe, fedha, rangi ya mwili wa gari na rangi mbili za udongo. Ongeza nyekundu angavu inayopitisha mwanga, kwa ajili ya taa za nyuma.
- Vanishi isiyong'aa ya kopo la kupuliza, na chupa ndogo ya vanishi inayong'aa.
- Chaki za rangi za wachoraji, ambazo utazikwangua kwa kisu upate unga.
- Gundi nyeupe ya mbao, na kiasi kidogo cha gundi ya kukauka papo hapo.
- Kipande cha kioo bapa, utepe wa kuzibia rangi, kalamu nyeusi ya wino usiofutika, na barakoa.

Thina ya rangi za magari na asetoni ziache stoo, kwa sababu huyeyusha plastiki hii mara moja.

## Hatua ya 1: Pima gari kabla ya kulinunua

Chukua urefu wa gari halisi kwa milimita, ugawanye kwa 87. Landrova ya inchi 109 ina urefu wa takriban mita 4.44, hivyo mfano wake uwe na milimita 51. Landrova hiyohiyo katika kipimo cha 1:76, kinachotumiwa na mafundi wengi wa Uingereza, hufikia milimita 58, na katika 1:64 hufikia 69.

Tofauti ya milimita saba huonekana ndogo mkononi, lakini dereva wa 1:87 akisimama kando ya gari la 1:76, atakuwa kama mtoto aliyetumwa kulilinda. Vigari vya chuma vya kuchezea vinavyouzwa madukani huwa karibu na 1:64, na vingine vimefinywa ili vienee kwenye pakiti, ndiyo maana utakuta basi na teksi vina urefu mmoja. Hivyo havifai, hata viwe na bei nafuu kiasi gani.

Ipo ruhusa moja. Gari dogo kuliko kipimo, kwa mfano la 1:160, linaweza kukaa nyuma kabisa ya mandhari, karibu na mchoro wa milima, ambako udogo wake husaidia kuonyesha umbali. Gari kubwa kuliko kipimo halina mahali.

Angalia na mwaka. Landrova zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na taa kubwa katikati, karibu na wavu wa rejeta. Za baadaye taa zilihamia kwenye madigadi. Anayeijua Landrova hutazama hapo kwanza.

## Hatua ya 2: Lifungue gari vipande vyote

Miili mingi ya plastiki hunasa kwenye chasisi kwa meno madogo yaliyo upande wa ndani, chini ya milango. Bana mwili taratibu kwa vidole, pitisha kijiti cha meno kati ya mwili na chasisi, kisha sukuma chasisi ishuke. Ikikataa, liweke gari kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, plastiki italegea. Maji ya moto yatalipinda. Magari ya chuma hufungwa kwa skrubu au ribiti, na ribiti hutolewa kwa kuitoboa kichwa.

Toa vioo, toa viti, kisha osha kila kipande kwa maji yenye sabuni ya vyombo na ukiache kikauke bila kukifuta. Mafuta ya vidole ndiyo yanayofanya rangi ikatae kushika na kujikusanya matone matone.

Umefaulu ukiwa na mafungu manne mezani: mwili, vioo, sehemu ya ndani, na chasisi yenye magurudumu. Usiendelee huku vioo vikiwa bado mahali pake. Vanishi ya hatua ya 4 itavigeuza kuwa vyeupe.

## Hatua ya 3: Lipe gari uzito

Hapa ndipo wengi wanapokimbia, na ndipo ningekuomba utumie nusu ya muda wako.

Gari halisi lina uzito wa tani moja na zaidi, na uzito huo huonekana kwenye matairi. Tairi la plastiki ni duara kamili linalogusa ardhi kwa mstari mwembamba, kwa hiyo gari huonekana limetuliwa juu ya ardhi kama kikombe juu ya sahani. Gundisha magurudumu yasizunguke, kisha subiri gundi ikauke kabisa. Weka msasa wa namba 400 juu ya kioo bapa, simamisha chasisi juu yake, na uisugue mbele na nyuma mara chache, bila kukandamiza, hadi kila tairi lipate ubapa wa milimita 2 upande wa chini. Kwa kipimo chetu hizo ni sentimita 17 hivi, karibu na sehemu ya tairi halisi inayogusa barabara. Utakuwa umepunguza sehemu ya kumi tu ya milimita, lakini gari litakuwa limetua.

Kusugua magurudumu yote kwa pamoja kuna faida nyingine: huyasawazisha. Gari lililosimama kwa magurudumu matatu huku la nne likining'inia ni kosa la kawaida kuliko yote. Lipime juu ya kioo kwa kupenyeza kipande cha karatasi nyembamba chini ya kila tairi. Karatasi isipite popote.

Ukitaka gari lionekane limeegeshwa na mtu, kata ekseli ya mbele na ugundishe magurudumu yakiwa yamekata kona kidogo, yote mawili kuelekea upande mmoja. Nalisisitiza hili kwa sababu nimetumiwa picha ya gari ambalo gurudumu la kushoto linakwenda Mombasa na la kulia linakwenda Nairobi. Fanya hivyo kabla ya kusugua.

Tazama pia nafasi kati ya tairi na madigadi. Landrova husimama juu, hiyo ni haki yake, lakini gari dogo la abiria lenye uwazi mkubwa hapo huonekana limepandishwa jeki. Kwangua sehemu inayoshika ekseli hadi mwili ushuke nusu milimita, ambayo kwa gari halisi ni zaidi ya sentimita 4. Likiwa na mzigo, shusha nyuma zaidi kuliko mbele.

Mwisho, rangi. Tairi halisi si jeusi. Lipake kijivu cheusi, kisha chovya brashi kwenye rangi ya udongo, ifute karibu yote kwenye karatasi, na upitishe kile kilichobaki kwenye ubavu wa tairi. Rimu za Landrova za wakati huo zilikuwa za chuma kilichopakwa rangi, hivyo usizipake fedha.

## Hatua ya 4: Punguza mng'ao wa mwili

Rangi ya gari halisi hung'aa, na msomaji makini ataniuliza kwa nini tuiue. Jibu ni kwamba mng'ao wa plastiki hauna kipimo: taa ya chumbani hujichora juu ya boneti kama mwezi mzima, na jicho hulijua gari kuwa dogo papo hapo.

Puliza vanishi isiyong'aa kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, tabaka mbili nyembamba, ukiacha ya kwanza ikauke. Anza kupuliza nje ya gari na umalizie nje ya gari, ili matone mazito ya mwanzo na mwisho yasiangukie kwenye mwili. Vaa barakoa na ufanyie kazi mahali penye hewa.

Kwa wasomaji wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar: hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi huganda na ukungu mweupe usiofutika. Usipulize alfajiri wala mvua inapokaribia. Mchana wenye jua, baada ya saa saba, ndio salama zaidi.

Gari la bwana stesheni linalooshwa kila asubuhi linaweza kurudishiwa mng'ao kidogo kwa kuchanganya vanishi mbili, nusu kwa nusu. Landrova ya kazi iache bila mng'ao kabisa.

Kisha changanya rangi ya mwili na nyeupe kidogo, tone moja kwa tisa, na uipake nyembamba juu ya paa na boneti, mahali jua linapopiga. Umefaulu ikiwa tofauti huioni hadi uliweke gari kando ya picha yake ya awali.

## Hatua ya 5: Mistari, taa na vioo

Zimua rangi ya kahawia iliyokolea kwa maji, sehemu moja kwa kumi, na utie tone dogo la sabuni ya vyombo ili itiririke. Gusa mstari wa mlango kwa ncha ya brashi, mara moja tu, na uiache rangi ikimbie yenyewe ndani ya mfereji. Ikimwagika pembeni, ifute kwa pamba yenye unyevu. Usitumie nyeusi, mlango utaonekana umechorwa kwa kalamu. Na usipake mwili mzima, kwa kuwa hiyo ndiyo chai iliyomwagika niliyoitaja mwanzoni.

Taa za mbele zipake fedha, zikikauka zidondoshee vanishi inayong'aa kwa kijiti cha meno. Tone litajikunja lenyewe na kuwa lenzi. Za nyuma zianze na fedha, kisha nyekundu inayopitisha mwanga juu yake. Nyekundu ikikaa moja kwa moja juu ya plastiki huonekana kama kidonda.

Vioo vina siri moja. Plastiki yake ni nene, na kingo zake zilizokatwa hunasa mwanga na kuonyesha unene ambao ungekuwa sentimita kadhaa kwenye gari halisi. Pitisha kalamu nyeusi kwenye kingo zote kabla ya kuvirudisha, na unene utatoweka.

Virudishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Mimi niliwahi kuwa na haraka, nikatumia gundi ya kukauka papo hapo, nikafunga mwili na kwenda kulala. Asubuhi vioo vyote vilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani, kama gari lililofungiwa watu wanane wakati wa mvua. Mvuke wa gundi hiyo hufanya hivyo kila mara unapokosa pa kutokea, na kuuondoa huchukua saa nyingi za kung'arisha.

## Hatua ya 6: Dereva na usukani

Magari yanayotengenezwa Ujerumani karibu yote yana usukani kushoto. Kenya, Tanzania na Uganda, kama Uingereza, dereva hukaa kulia. Kata usukani, uhamishie kulia, na uzibe alama iliyobaki kwa tone la rangi.

Paka viti rangi isiyofanana na mwili. Dereva atahitaji kukatwa miguu chini ya magoti ili aenee. Hakuna atakayemchungulia huko. Mweke mkono mmoja kwenye usukani, kichwa kimegeuka kidogo kuelekea jukwaa la abiria. Vioo vya milango ya Landrova hizi hufunguka kwa kuteleza kando, na kwa joto la Voi hakuna dereva angevifunga, hivyo kata nusu ya kioo cha mlango wake.

## Hatua ya 7: Vumbi

Kwanza amua gari limetoka wapi. Udongo wa Voi na Tsavo ni mwekundu kwa sababu ya madini ya chuma. Udongo wa uwanda wa Athi ni mweusi wa mfinyanzi, na vumbi lake likikauka huwa kijivu. Barabara za mawe ya matumbawe pwani hutoa vumbi jeupe lenye umanjano. Gari lenye vumbi jekundu kwenye ardhi ya kijivu linawezekana, maana magari husafiri, lakini liwe limekusudiwa.

Wengine hupenda kutumia udongo wenyewe. Ni wazo zuri lenye hatari: usage, uuchekeche kwa soksi nyembamba ya nailoni, kisha upitishe sumaku juu yake mara kadhaa. Udongo mwekundu una chembe zinazoshikwa na sumaku, na chembe hizo zikifika kwenye reli zitavutwa hadi ndani ya mota ya injini ya treni. Mimi hutumia unga wa chaki kwenye magari na kuuacha udongo halisi kwenye ardhi.

Sasa fuata mwendo wa vumbi lenyewe.

Anza chini. Kwa brashi kuukuu kavu, paka unga kwenye kingo za chini ya milango, ukipanda na kufifia kabla ya nusu ya mlango. Halafu nenda nyuma ya kila gurudumu, mahali tairi linaporusha tope, na uweke rangi iliyokolea zaidi, kwa vidoa vinavyoinama kuelekea nyuma.

Kisha mgongo wa gari. Gari linalokwenda huacha nyuma yake hewa inayojikunja na kuvuta vumbi, ndiyo maana mlango wa nyuma wa basi au Landrova huwa mchafu kuliko ubavu, hadi watoto wakauandika kwa kidole. Pakolee hapo, ukizunguka taa, kwa kuwa dereva huzifuta.

Kioo cha mbele ndicho kinachowashangaza watazamaji. Kata vipande viwili vya utepe vyenye umbo la pepeo la mkono, kila kimoja ukubwa wa eneo linalofutwa na wipa moja, uvibandike kwenye kioo. Paka unga mwembamba juu yote, puliza vanishi isiyong'aa mara moja kutoka mbali, kisha vuta utepe kwa kibano. Zitabaki pinde mbili safi, na pembe zenye vumbi. Hapa, na hapa tu, vanishi hiyo inaruhusiwa kugusa kioo.

Mwisho toa vumbi mahali mikono inapogusa. Kwa pamba yenye unyevu, futa kidogo kuzunguka kitasa cha mlango wa dereva na ukingo wa boneti. Mlango wa abiria uache ulivyo.

Fahamu kwamba vanishi ya kushikilia unga humeza karibu nusu ya rangi yake. Weka zaidi ya unavyotaka kubaki, puliza kidogo, tazama, rudia. Umefaulu ikiwa kwa umbali wa mkono mmoja unaona gari lililosafiri, na hulioni vumbi hadi ulitafute.

## Hatua ya 8: Kutu, kwa mkono mwepesi

Mlango wa Landrova wenye kutu ya rangi ya chungwa ni kosa. Mabati ya nje ya mwili wake karibu yote ni ya aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu. Hubonyea na kuchubuka, ukaona rangi ya fedha iliyofifia. Kutu iweke kwenye fremu ya chasisi na kwenye bomba la moshi, kahawia iliyokolea kwanza, kisha chungwa kidogo sana katikati yake. Gari la mwili wa chuma hushika kutu pale maji yanapotuama: kingo za chini za milango na ndani ya madigadi. Katikati ya paa pana kutu mara chache.

## Hatua ya 9: Namba, mzigo na maegesho

Namba ya Kenya ya miaka hiyo ilikuwa herufi tatu zikianza na K, kisha tarakimu. Mfumo wenye herufi ya mwisho, kama KAA 001A, ulianza mwaka 1989. Chapisha ukanda wa milimita 6 kwa 1.3 na uubandike ukiwa umepinda kidogo.

Magunia yafinyange kwa udongo wa kufinyangia, marefu ya milimita 11, na uyapange yakiwa bado mabichi ili yalaliane na kubonyea. Gunia lisilobonyea ni jiwe.

Usiegeshe gari sambamba na jengo. Liache limekaa upande, gurudumu moja likiwa karibu na mtaro, chini ya mti ikiwa mti upo, kwa sababu kila dereva wa Voi hutafuta kivuli. Chini ya injini dondosha doa moja la kahawia nyeusi yenye mng'ao, na pembeni yake madoa mawili makavu ya siku zilizopita, kisha uchore alama za matairi kutoka barabarani hadi yalipo magurudumu. Shikiza gari kwa chembe ya gundi nyeupe chini ya tairi moja, ili uweze kulibandua.

Kisha shusha simu hadi kamera yake iwe kwenye kimo cha abiria aliyesimama jukwaani, upige picha. Kasoro itakayojitokeza kwanza karibu kila mara ni mstari wa mwanga chini ya tairi la nyuma. Upakie udongo kidogo ugandane na tairi, upige picha tena.